Ndoa Isiyo na Mtoto: Mume Naye Apimwe

Ndoa ikichelewa kupata mtoto, lawama humwangukia mke. Mawifi hunong'ona, mume hapimwi. Sisi hatuoni haki hapo, kwani mbegu ya kiume hutengenezwa kwa muda wa miezi miwili na zaidi, na huweza kukwama njiani.

Mwaka 2006 wataalamu walitambua katika korodani za panya vipande vidogo mno vya RNA, ndugu wa DNA ibebayo urithi. Waliviita piRNA. Kila kipande huambatana na protini ya jamii ya PIWI, mithili ya mbwa anusaye na askari wake: kipande humtambua mhalifu, protini humkata. Mhalifu ni sehemu korofi za DNA zinazojinakili na kujipachika ovyo. Panya dume wanaokosa protini hizo ni tasa.

Na binadamu je? Mwaka 2021 watafiti walieleza habari za wanaume wanne wasio na mbegu katika shahawa, kwa kasoro ya jeni PNLDC1, ambayo kazi yake ni kupunguza piRNA zifikie urefu unaofaa. Kasoro hiyo mtu huzaliwa nayo. Si laana, wala mke hahusiki.

Basi waende hospitali wote wawili. Mbegu zikionekana chache, kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, mbegu mpya zikiwa zimekomaa.