Kifo cha Bundi Kina Tarehe, cha Uyoga Je?

Tarehe 5 Julai 1914, huko Bluecliffs katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, aliokotwa bundi aliyekufa. Ndiye wa mwisho wa spishi yake mwenye ushahidi usio na shaka. Wamaori walimwita whēkau. Walowezi wa Kiingereza, kwa jinsi alivyolia, wakamwita bundi anayecheka. Alikuwa na uzito wa kama gramu 600, mchana akilala kwenye nyufa za miamba ya chokaa, usiku akiwinda sana ardhini. Maisha hayo yalimfaa mpaka walowezi walipoleta paka, na baadaye, katika miaka ya 1880, wakaachia vicheche wa Ulaya ili wapunguze sungura. Kicheche hachagui: ndege anayetembea chini ni kitoweo chepesi kuliko sungura.

Katika nchi hiyohiyo huota uyoga mdogo wa buluu iliyokolea, Entoloma hochstetteri, wenye kofia ya sentimita chache tu. Umechapwa hata kwenye noti ya dola 50. Tuseme umetoweka mwaka huu: nani angejua?

Bundi akifa huacha mifupa, na huyu aliacha na ya wengine. Malazi yake ya kale yamejaa mifupa ya mijusi, popo na ndege wadogo aliowala, na watafiti wameitumia kujua ni wanyama gani waliishi hapo zamani. Tena alikuwa na sauti, na sauti ikikosekana msimu baada ya msimu, watu huuliza.

Uyoga tunaouona ni tunda tu, kama embe. Mwembe wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojificha ndani ya udongo na majani yanayooza. Tunda hudumu siku chache, likaoza. Mvua zikienda kombo huenda lisichomoze kabisa, na nyuzi zikaendelea kuishi chini. Kwa hiyo kutouona uyoga kwa miaka kumi hakuthibitishi kwamba umekufa. Siku hizi wataalamu huchota udongo na kusoma vinasaba vilivyomo. Ni njia nzuri kweli, lakini kijiko ni kijiko na msitu ni msitu.

Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa inayopima hatari ya spishi kutoweka, inaonyesha pengo hilo kati ya ndege na uyoga. Ndege wote wanaojulikana, spishi zipatazo 11,000, wamekwisha kupimwa hali yao. Kwa upande wa kuvu, yaani kundi la uyoga, kufikia 2025 zilikuwa zimepimwa spishi kama 1,300, ilhali zilizopewa majina zinapita 150,000. Wengi hulaumu uhaba wa fedha. Mimi naona upendeleo nao umo: ndege ana macho, anatutazama. Na spishi isiyopimwa haiingii kwenye hesabu ya waliotoweka, hata kama nyuzi zake za mwisho zilikauka pamoja na msitu uliofyekwa jana.