«Mukule»: jinsi tulivyochumbiana kwa Kiswahili cha Lubumbashi

Katika mtihani wa mofolojia, mwaka wetu wa pili, niliandika «mukule» mahali palipotakiwa «mle», na mwalimu akalizungushia neno langu wino mwekundu. Alikuwa na haki. Katika Kiswahili sanifu vitenzi vya silabi moja, kama -la, -nywa na -fa, huacha ku- vinapoingia katika hali tegemezi: tule, mle, wale. Kiswahili cha Lubumbashi hakiiachi ile ku-: tukule, mukule, bakule. Nilipoteza alama mbili nikanyamaza. Miaka mitatu baadaye, mbele ya wazee kama ishirini wa jamaa mbili, neno hilohilo ndilo lililonifanya mchumba wa mtu.

Wenzangu wa jarida wameniomba nieleze namna uchumba unavyofungwa katika mji wetu, na maneno gani yanatumika katika kila hatua. Nitaeleza kwa kutumia uchumba wangu mwenyewe, maana ndio pekee ambao maneno yake niliyaandika daftarini siku ileile.

Tulikutana kwa sababu ya karatasi ya maswali. Nilikuwa nikitayarisha TFC juu ya msamiati wa ndoa kwa vijana wa Lubumbashi, na kila mchana nilikaa Kasapa, pale wanafunzi wanapongojea basi za mjini, nikiwaomba wajibu maswali kumi na mbili. Wengi walijibu haraka, na wengi walijibu nusu kwa Kifaransa. Kijana mmoja wa politekiniki akajibu taratibu mno, basi mbili zikampita. Nilipomwuliza anaonana na wazazi wake mara ngapi, alisema hawezi kuwaona «kila poso», kwa kuwa wako mbali.

Poso! Wenzake wote walikuwa wamesema «semeni». Neno hili la juma linatokana na posho, chakula ambacho kampuni za migodi ziliwagawia wafanyakazi kwa juma, na mimi nililisikia nyumbani tu, kwa wazee. Nikamwuliza ametoka kambi gani. Akacheka: alizaliwa na kukulia Mwene-Ditu, huko Kasai. Kiswahili alikipata kwa baba yake, mzaliwa wa Likasi, ambaye aliondoka Katanga akiwa na miaka kumi na saba na hakuacha kuhesabu, kukemea na kusali kwa Kiswahili katika mji ambamo majirani wote wanasema Kiluba. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa anasema Kiswahili cha Likasi ya miaka ya 1980, kama kitu kilichofungiwa sandukuni. Mwanafunzi wa isimu hawezi kumwacha mtoa habari wa namna hiyo apande basi.

Swali la saba lilikuwa hili: «Unamwambiaje mutu kama unamupenda?» Hakulijibu. Alisema, «Hii nitajibia siku ingine.» Akaondoka na karatasi.

Swali lenyewe ni gumu kuliko nilivyodhani nilipolitunga. Kupenda, katika lugha yetu ya kila siku, ni kazi ya watu na ya nyama ya mbuzi pia: unapenda mama yako, unapenda pilipili, na mwenye duka anakuuliza «Unapenda nini?» akitaka kujua umekuja kununua nini. Nomino, kinyume chake, ni nzito. Nyanya yangu hawezi kusema «mapendo» kwa mchezo, kwa kuwa aliyasikia kwanza katika Jamaa, ule mwendo wa wakatoliki uliozaliwa Katanga katika miaka ya 1950 kwa mafundisho ya padri Placide Tempels, ambamo mapendo, uzima na uzazi yalikuwa mafundisho yenyewe, na mume na mke walifundishwa pamoja. Kati ya kitenzi chepesi mno na nomino nzito mno, vijana wanakimbilia Kifaransa. Siwalaumu. «Je t'aime» haijawahi kununua pilipili.

Alirudi baada ya poso moja, bila karatasi. Alikuja kunisaidia kuandika yale niliyorekodi, maana alikuwa anasikia maneno ya wazee ambayo mimi niliyaandika vibaya. Tukawa tunafanya kazi hiyo jioni, halafu basi zikikosekana tunatembea kutoka Kasapa hadi mjini, yeye akibeba mfuko wangu. Sitaeleza zaidi hapo. Kila msomaji anajua kinachotokea watu wawili wakitembea njia ndefu mara nyingi.

Miezi kumi na minne baadaye alinirudishia ile karatasi. Swali la saba lilikuwa limejibiwa kwa kalamu ya buluu: «Nitatuma bantu kwenu.»

Hilo ndilo jibu ambalo TFC yangu ilikuwa inalitafuta bila kulijua. Kwetu tamko la mapendo ambalo lina nguvu halina neno kupenda ndani yake. Lina kitenzi kutuma, na lina watu. Katika Kiswahili sanifu tunajifunza kwamba mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, anachumbia na kuchumbiwa. Mmoja mtenda, mwingine mtendwa, na walimu wetu wa kike wamekwisha kuandika mengi juu ya utendwa huo. Lakini nendeni mkasikilize uchumba wenyewe ukifungwa. Mwanamume naye hatendi kitu. Anakaa kimya kwenye kiti cha plastiki, na wengine wanasema badala yake.

Ikabaki kuwaambia watu wetu, na hapo mambo yakakwama.

Sisi ni Wabemba wa upande wa Kasenga, na kwa Wabemba ukoo unafuata mama. Mwenye neno la mwisho juu yangu si baba yangu. Ni kaka ya nyanya mzaa mama, ambaye sisi tunamwita nkambo, mstaafu aliyefanya kazi Likasi maisha yake yote. Nilimwambia jina la jamaa ya kijana. Akasema hapana. Sikupewa sababu, na sikuiomba, kwa kuwa nilidhani ninaijua.

Wasomaji vijana pengine hawaijui. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi wao walizaliwa hapa, kwa wazazi walioletwa na Union Minière, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuajiri wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi na kutaka wakae na wake zao. Kwenye stesheni ya Likasi maelfu ya watu walilala chini wakingojea treni, na wengine walifia hapo. Na lugha iliyotumika kuwafukuza ilikuwa hiihii ninayoisifu leo. Waliitwa «bilulu», yaani wadudu. Sisi wa kitivo cha lugha tukitetea Kiswahili cha mji wetu kama daraja la makabila, tukumbuke kwamba neno hilo nalo ni la msamiati wake.

Nilikaa miezi miwili bila kwenda kwa nkambo. Nilipokwenda, nilikwenda kwa hasira, nikamwuliza kama na yeye aliwaita watu wadudu. Hakujibu mara moja. Aliniambia niingie chumbani nitazame cherehani. Ninaifahamu cherehani hiyo; sare yangu ya shule ya msingi ilishonwa nayo. Akasema aliinunua mwaka wa 1992 kwa jirani aliyekuwa anakwenda kulala stesheni na watoto watano, na bei aliyotoa haikutosha hata kununua mfuko wa unga. Jirani hakubishana. «Bale bantu,» nkambo akaniambia, «tutabaangalia namna gani mu macho?»

Nilikuwa nimechukua aibu kuwa chuki. Nilimwambia kijana habari hiyo, naye akamwambia baba yake. Sijui walisema nini kati yao. Jibu lililokuja ni kwamba watakuja kupiga hodi, na kwamba baba atakuja mwenyewe kutoka Mwene-Ditu.

Kupiga hodi ni hatua ya kwanza. Wageni wanakuja wachache, wanaleta kitu kidogo, na msemaji wao anatangaza kwamba walipokuwa wakipita waliona ua katika lupango ya watu. Wenyeji wanajifanya hawaelewi. Wanaitwa dada na binamu mmoja mmoja, «Ni huyu?», na kila kosa lina faini yake. Mchezo huu unajulikana karibu katika nchi nzima, siuelezi zaidi.

Jambo la kueleza ni lugha. Wao ni Waluba, sisi ni Wabemba. Shangazi zake walinong'onezana Kiluba, mama zangu Kibemba, na kila upande uliogopa unasengenywa. Kifaransa kingekuwa cha sisi watoto peke yetu. Ikabaki Kiswahili, ambacho katika nyumba ile hakuna mzee hata mmoja aliyezaliwa na babu aliyekisema. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha namna Kiswahili kilivyokuwa lugha ya kazi ya Katanga kwa mahitaji ya wakoloni na ya wafanyakazi wenyewe. Ni kweli. Lakini lugha ambayo si ya babu wa mtu yeyote ina faida yake: hakuna aliyekuwa mgeni ndani yake zaidi ya mwenzake.

Msemaji wao alikuwa Mbemba, jirani yao wa zamani wa Katuba, waliyemwomba awe shibukombe, yaani mshenga kwa desturi yetu. Kwa kitendo hicho peke yake walikwisha kupata nusu ya ukumbi. Kisha nkambo akauliza swali linaloulizwa wageni siku zote: «Mulipitia njia gani?»

Baba yake akajibu mwenyewe, si msemaji. «Tulikuya na treni. Kamina, Tenke, Likasi.»

«Ku Likasi mulishuka?»

«Hapana. Pale tulisha kulala miezi mbili, ilitosha.»

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Nkambo akasema, «Mi nilikuwa Likasi ile wakati.» Yule baba akasema, «Najua, mzee. Njo maana nilikuya mi mwenyewe.» Nkambo akaagiza maji. Yalipoletwa alisimama, yeye mwenye miaka sabini na kitu, akawamiminia wageni mikono kwa zamu.

Faktire, yaani orodha ya mali, ilitoka siku ileile: mbuzi, vitenge vya mama, suti ya baba, blanketi la nyanya, chumvi, taa, na fedha. Vijana wanasema «dot», wazee wanasema «mali». Sheria inaitambua. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inadai mali iwe imetolewa walau sehemu ndipo ndoa ifungwe, na inawataka wote wawili wawe na miaka kumi na minane. Uchumba wenyewe inautaja kama ahadi tu, ambayo haimlazimishi yeyote kufunga ndoa. Nimesoma vifungu hivyo mara kadhaa. Sioni ndani yake kitu kinachofanana na yaliyonipata chumbani mwetu.

Kwa sababu siku ya nsalamu, miezi mitatu baadaye, ahadi haikuandikwa. Nsalamu ni fedha ya uchumba ya Wabemba. Mwenye sikio la Kiswahili anasikia salamu ndani yake. Inaletwa katika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Jamaa ikifunua na kuchukua, imekubali. Lakini kabla ya kufunua wanamwita msichana, na mimi nikaitwa, nikapiga magoti kwenye mkeka. Nkambo akaweka mkono juu ya sahani.

«Bibi yangu, hii makuta ya bale bantu, tukule ao tusikule?»

J. L. Austin ametufundisha, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka wa 1962, kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ni kutenda, na mfano wake wa kwanza ulitoka katika ndoa. Nilipiga magoti pale nikimfikiria Austin, jambo ambalo mchumba wangu hajanisamehe. Nilifikiri pia juu ya kiambishi. «Tukule» ya nkambo ilikuwa na mimi ndani yake, sisi wote wa nyumba ile. Ningeweza kujibu «Tukule». Hakuna msichana anayejibu hivyo. Unajibu kwa mu-, na ukishasema mu- umejitoa katika wale wanaokula. Uko upande mwingine wa sahani. Kingesemwa «mle» kama kitabuni, mama zangu wangefikiri ninawafanyia maonyesho. Nikasema, «Mukule.»

Vigelegele vilinizuia kusikia kama kuna mtu aliyesahihisha.

Yapo yaliyobaki. Mbuzi wawili bado hawajaletwa. Kwa Wabemba watoto wetu watakuwa wa ukoo wangu, kwa Waluba watakuwa wa baba yao, na siku ile hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliuliza swali hilo. Nkambo ametaka cherehani ipelekwe kwa baba mkwe. Baba mkwe amekataa, akasema akipewa itabidi ajifunze kushona. Iko bado chumbani.

TFC ilibidi nayo irekebishwe. Nilikuwa nimehesabu watoa habari arobaini. Msimamizi wangu alisema mtoa habari aliyemchumbia mtafiti hawezi kubaki katika hesabu, hata kama jibu lake la swali la saba ndilo bora. Nimewaacha thelathini na tisa, na ile karatasi ninayo nyumbani.