Rangi za Kusomea DNA Sugu
Katika mbinu iliyobuniwa na Frederick Sanger na wenzake mwaka 1977, kimeng'enya hunakili uzi wa DNA, na nakala hukatizwa kwenye besi mbalimbali. Siku hizi kila besi ya kukatiza hubeba rangi yake, moja kati ya nne, na mashine hutenganisha vipande vya nakala kwa urefu, kisha husoma rangi hizo kwa zamu.

Ugumu huanza penye besi za guanini na sitosini nyingi. Jozi hiyo hushikana kwa vifungo 3 vya haidrojeni, adenini na thaimini kwa 2 tu, hivyo uzi hujikunja mithili ya pini ya nywele na kimeng'enya hukwama. Mchanganyiko wa kawaida wa BigDye, wenye rangi hizo nne, hutumia dITP badala ya dGTP, kijenzi cha kawaida cha guanini, ili vipande visijikunje vinapotenganishwa na herufi za besi zisibanane. Ajabu ni kwamba dITP hiyohiyo hukikwamisha kimeng'enya kwenye sehemu ngumu. Mchanganyiko wenye dGTP hupenya, ila hurudisha mbanano. Kwa hiyo mafundi wengi huchanganya yote miwili, wa dGTP ukiwa mdogo, na kuongeza kemikali kama betaini au DMSO ili kulegeza mikunjo. Penye mbanano, husomwa pia uzi wa pili, kwa kuwa huko herufi hubanana mahali pengine.