Mzazi wa Kijijini na Maswali ya Mtoto wa Miaka Minne

Nyuma ya nyumba, katika kijiji kimoja kati ya miji ya Likasi na Kambove huko Katanga, Kongo ya Kinshasa, mama anamwogesha mwanawe kwenye beseni. Anataja kila anaposugua: shingo, kwapa, kitovu. Akishuka chini ya kitovu ananyamaza, anasugua harakaharaka, sauti inarudi kwenye magoti. Mtoto ameshajifunza kwamba kuna mahali mama hapataji.

Tusiseme mama huyu ni mjinga. Mila haikumpa kazi ya kupataja mahali hapo. Kwa mfano, kwa Wabemba, walioko pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia, mambo ya unyumba yalikuwa ya kambo, yaani bibi mzaa mama au baba, na ya shangazi. Msichana aliyevunja ungo alichezwa chisungu, unyago ambao mwanaanthropolojia Audrey Richards aliushuhudia mwaka 1931, wenye nyimbo, vinyago vya udongo na michoro ya ukutani. Mzazi mwenyewe alikaa kando.

Siku hizi kambo yuko mbali. Kwanza kampuni ya madini ya Union Minière ilivuta watu kwenye kambi za wafanyakazi, enzi Likasi inaitwa Jadotville. Leo watu wanafuata kobalti, na mtoto anabaki na jirani asiye wa ukoo mama akienda shamba. Ila hata kambo angekuwepo, tatizo lingebaki. Chisungu ilimngoja msichana abalehe. Mtoto wa miaka minne hakuwamo kabisa, na wavulana wa Kibemba hawakuwa na unyago wowote.

Wazazi wengi wakisikia elimu ya jinsia hudhani mtoto atasimuliwa ya kitandani. Sivyo. Mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018 unaanzia miaka 5, kwa majina ya viungo, kuguswa kubaya na kuzuri, na mtoto anatoka wapi. Mimi ningeanza hata miaka 3, palepale kwenye beseni: uume, uke, matako, kwa sauti ileile ya shingo na kitovu. Anayeona haya kwa Kiswahili aseme kwa Kisanga au Kiluba, mradi jina liwe la heshima na nyumba nzima ilijue.

Faida yake? Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, lakini kesi ya mtoto mara nyingi husimama juu ya maneno yake mwenyewe mbele ya daktari na hakimu. Anayesema tu "aliniumiza huku" anaweza kutibiwa tumbo.

Na anayedhuru watoto kwa kawaida ni mtu wanayemjua. Mjomba akija kulala, hutandikiwa mkeka sebuleni pamoja na watoto, nao wameshaambiwa mkubwa habishiwi. Mgeni atandikiwe kwingine, hata kama ni jikoni. Watoto waambiwe waziwazi kwamba mkubwa akitaka kuwashika sehemu hizo, kumkatalia si utovu wa adabu, na akisema "usimwambie mama," hapo ndipo pa kumwambia.

Swali la mtoto mchanga ametoka wapi lisijibiwe "tulimnunua hospitali." Alikua tumboni mwa mama, katika mji wa mimba. Wengi wa umri huo wataridhika na hilo, warudi kucheza. Akiuliza aliingiaje, jibu kwamba baba na mama wote walichangia linatosha kwa mwaka huo.