Kuchora kwa Simu Kutoka Kwenye Picha: Nani Akukosoe Kabla Mteja Hajalipa?



Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kama unauza migebuka na dagaa kwenye statasi ya WhatsApp na kuwafungia mzigo wateja wa Dar, unajua miezi mitatu hiyo ilikuwaje. Na hata ziwa likiwa wazi, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na wewe unapumzika nayo utake usitake. Si ajabu muuzaji wa Kigoma au Ujiji kutafuta bidhaa ya pili, isiyotegemea mwezi wala barafu.

Leo tuongelee moja: picha za kuchorwa kwenye simu. Mteja anakutumia picha ya kamera, labda ya mtoto wake, ya harusi, au ya marehemu baba. Unaichora upya kwa rangi, inachapwa, inawekwa fremu. Haiozi. Ila nisikudanganye, kujifunza kunakula miezi, na kinachowaangusha wengi wala siyo mkono. Wanajifunza peke yao, halafu siku ya kuonyesha kazi wanawaonyesha watu wa kusema "safi sana" tu.

Vifaa nisiviongelee sana. ibisPaint unaipata bure kwenye simu, ina matangazo yake, na inarekodi hatua zako zote ukichora. Video hiyo baadaye ni tangazo tosha. Mwenye kompyuta ashushe Krita, nayo ni ya bure. Kidole kinatosha kuanzia. Kalamu ya skrini ya bei nafuu inasaidia kwenye macho na midomo. Basi.

Tuje kwenye picha unayoitazama, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia kabla hata hujaanza.

Sisi ziwa liko magharibi yetu. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, pazuri kweli, kila mtu anataka kupigwa picha pale ufukweni. Matokeo yake anga linawaka na uso unakuwa giza tupu, hakuna jicho wala pua ya kuchora. Picha ya namna hiyo inafaa kwa umbo la mtumbwi, sura ya mtu haimo. Ukitaka sura, na ziwa lionekane nyuma, piga asubuhi: jua linatokea upande wa mjini, linamwangaza mtu usoni huku maji yako mgongoni kwake. Saa sita achana nayo, vivuli vinajaa machoni.

Rudi nyuma hatua tatu nne ndipo ukuze picha. Simu ikikaribia sana uso, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Wewe utaichora hiyo pua kwa uaminifu kabisa, halafu mteja aseme siyo yeye. Gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga wa uso na siyo wa anga.

Halafu kuna suala la ngozi zetu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilikuwa zikipima rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi za Kodak zilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Simu za leo zimepiga hatua, lakini kwenye taa za ndani bado utaona ngozi nyeusi ikitoka ya kijivu, au imeng'arishwa hadi mtu hajitambui. Ukinyonya rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha, umeirithi kasoro hiyo.

Fanya hivi: chagua rangi kwa jicho lako kwanza, ipake, kisha nyonya ile ya kwenye picha uzilinganishe. Usikimbilie kusahihisha, angalia tu umepishana nayo wapi. Mwezi mmoja wa zoezi hilo na jicho linaamka. Utaanza kuona kivuli cha shavu kina wekundu, na paji la uso lililoelekea anga lina ubluu kidogo.

Ila rangi ni ya pili. Ya kwanza ni mwanga na giza. Tengeneza nakala ya picha iwe nyeusi na nyeupe, finya macho uitazame, utabaki na maumbo makubwa matatu au manne. Hayo yakikaa mahali pake, hata ukikosea rangi mtu atatambulika. Yakikosewa, kope utakazochora moja moja usiku kucha hazitakuokoa. Na kila baada ya muda geuza mchoro, kushoto kuwe kulia. Jicho lililopanda juu ambalo ulishalizoea litakurukia hapo hapo.

Kufuatisha mistari juu ya picha? Kwa oda ya haraka wengi wanafanya, siwalaumu. Kwa kujifunza haikufikishi mbali. Weka picha pembeni, chora kwa kutazama, ukimaliza ndipo ulaze mchoro juu ya picha uone ulipopotea.

Sasa maoni. Mfano uko hapa hapa Ujiji. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 hapakuwa na kamera. Picha maarufu ya wale wazungu wawili wakivuliana kofia ilichongwa baadaye Ulaya, ikachapwa kwenye kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, kwa kutegemea maelezo yake. Ikazunguka dunia nzima, na mzee wa Ujiji hakuulizwa kama mji wake unafanana hivyo. Wewe mzee huyo unaye, yuko mtaa wa pili.

Kwa hiyo ukichora mtumbwi wa Kibirizi, usiishie kwa wachoraji wenzako. Mpelekee mvuvi. Ukichora kitenge, mpelekee fundi cherehani, atakuambia mkunjo wa bega haukai hivyo. Na namna ya kuuliza ndiyo yenyewe. Ukisema, "Shikamoo mzee, mchoro wangu ni mzuri?" atakujibu, "Marahaba, mzuri sana mwanangu." Ni adabu tu, hajakuambia kitu. Muulize, "Mzee, naomba unionyeshe kasoro za huu mtumbwi." Hapo umempa ruhusa. Sisi hatujalelewa kumkosoa mtu usoni bila kuruhusiwa, ndiyo maana komenti zinajaa makofi na moto, na wewe unabaki pale pale.

Mtandaoni ni vivyo hivyo. Weka picha na mchoro pamoja, uliza swali moja: "Jicho lako limeenda wapi kwanza?" au "Kati ya hizi mbili, ipi inafanana naye zaidi?" Halafu kaa kimya. Ukianza kujibu kwamba ni skrini ya simu yake ndiyo mbovu, umeshafunga mlango. Mtu mmoja akisema kitu, kipime. Watatu wakisema kilekile bila kusikilizana, rekebisha hata kama roho inauma. Kundi la watu watano sita linatosha kabisa, na zoezi linalolipa kuliko yote ni hili: kila wiki wote chora picha moja ileile. Ukiona mwenzako alivyoitatua shingo iliyokushinda wewe, umeelewa bila kufundishwa.

Mteja naye ni shule. Mwaka 1973 huko Shaba, Kongo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akitembeza picha zake nyumba kwa nyumba, kama machinga yeyote. Akakutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alinunua na pia akakaa naye kuziongelea, kwa Kiswahili cha kule. Kilichotoka hapo ni historia ya nchi nzima ndani ya picha zaidi ya 100.

Oda nzito kuliko zote ni ya marehemu. Mteja analeta picha ndogo ya kitambulisho, imekunjwa, imepigwa tena kwa simu, pengine muhuri umekatiza shavuni. Anataka mama yake awe anatabasamu. Hapa maoni ya wageni mia hayana thamani, hawakumjua. Omba picha nyingine mbili hata kama ni mbaya, omba na ya ndugu anayefanana naye. Uliza maswali: akicheka mdomo ulipanda upande gani? Kilemba alikifunga vipi? Meno usiyoyaona usiyabuni. Tabasamu la mdomo uliofungwa ni salama zaidi. Kisha tuma mchoro wa mistari bila rangi kwa mteja na kwa mtu mwingine mmoja aliyeishi na marehemu. Wakikubali sura, ndipo upake. Usiiposti popote kabla familia haijaruhusu. Na mkubaliane kwa maandishi tangu mwanzo: marekebisho mara mbili yamo kwenye bei, ya tatu yanalipiwa. Bila hivyo utajikuta unamchora mama wa mtu mwezi mzima kwa bei ya siku mbili, na kumwambia mfiwa "inatosha" ni kazi ngumu sana.

Utakutana pia na wateja, Ujiji hasa, wasiopenda sura za watu ukutani kwa sababu ya dini. Usibishane nao. Wape mwembe, mlango wa zamani, mtumbwi alfajiri, au jina la familia kwa maandishi mazuri.

Kuhusu picha za kuokota mtandaoni: sokwe wa Gombe uliyemkuta kwenye ukurasa wa mtu ana mpiga picha wake. Kumpaka rangi hakumfanyi awe wako, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 pamoja na COSOTA wa kuisimamia. Kwa mazoezi yako ya ndani chora unachotaka. Kwa kuuza, omba ruhusa au piga mwenyewe. Picha ya harusi, mwambie mteja amuulize kwanza aliyepiga. Ukiitaka MV Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913 na kuja kuunganishwa hapa Kigoma, bandarini omba ruhusa kabla hujainua simu. Na picha wanazokutumia wateja usizisambaze: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho ni kuchapa, na hapa wengi wanalia. Karatasi ya A4 inataka mchoro wa pikseli 2480 kwa 3508, na ukubwa huo unaupanga kabla ya mstari wa kwanza. Ukianza mdogo ukavuta baadaye, utapata ukungu. Bluu ya ziwa inayowaka kwenye skrini hufifia kwenye karatasi, kwa hiyo chapa kipande kidogo cha majaribio kwanza. Kwa mchapaji tuma kama faili, WhatsApp ikituma kama picha inaibana. Mteja ambaye hajamaliza malipo mwonyeshe nakala ndogo yenye jina lako katikati. Bei yako ihesabu bando, kuchapa, fremu, usafiri na saa ulizokaa. Ukisahau saa umeuza karatasi.

Mzigo wa Dar usiutume na kioo. Tuma mchoro umelazwa katikati ya makatoni mawili magumu, ndani ya nailoni, kioo wakaweke huko huko. Na mwenye fundi fremu asiyechelewesha kazi, Mwanga au Ujiji, atutajie jamani, tunamtafuta.