Mwuguzi Tabibu: Kazi Yake, na Sababu za Kuichagua

Mtu anapougua usiku katika kijiji kilicho mbali na mji, jamaa zake hawaulizi kwanza ni daktari gani aliye bingwa kuliko wenzake. Huuliza ni nani aliye karibu. Mara nyingi aliye karibu ni mwuguzi wa zahanati. Huyo ndiye atakayefungua mlango, ndiye atakayemtazama mgonjwa, na ndiye atakayeamua kama mgonjwa atapewa dawa na kurudi nyumbani, au atafutiwe gari la kumpeleka hospitali usiku huo huo.

Basi yafaa tujiulize: mtu huyu ambaye tumemtwika mzigo mkubwa namna hii, je, amepewa elimu na idhini inayolingana na mzigo wenyewe? Nchi nyingine pia zimejiuliza swali hili, na jibu moja walilolipata ni kazi ya mwuguzi tabibu. Katika makala haya nitaeleza kazi hiyo ni nini, ilianza vipi, na kwa nini kijana mwenye akili na huruma aifikirie anapochagua njia ya maisha yake.

NI MTU WA NAMNA GANI?

Mwuguzi tabibu ni mwuguzi aliyekwisha kuhitimu, akaizoea kazi ya uuguzi, kisha akarudi darasani kujifunza mambo zaidi: kumpima mgonjwa tangu kichwa hata miguu, kuutambua ugonjwa, kuagiza vipimo vya maabara, kuandika dawa, na kufuatana na mgonjwa mpaka apone au mpaka ugonjwa wake utulie. Yeye si daktari wala hajiiti daktari. Walakini hangoji kuambiwa kila jambo. Sheria imemwekea mipaka ya kazi yake, na ndani ya mipaka hiyo huamua mwenyewe na kuwajibika mwenyewe kwa alilolifanya. Linalozidi elimu yake hulipeleka kwa daktari bila kukawia.

Elimu hiyo si ya majuma machache. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza ya kuwa wauguzi wa daraja hili wawe na shahada ya uzamili, yaani shahada ya pili ya chuo kikuu.

KAZI ILIYOZALIWA MASHAMBANI

Wengine hudhani ya kuwa kazi hii ilibuniwa katika hospitali kubwa za mijini. Sivyo. Chanzo chake ni shida za watu wa mashambani, shida ambazo mkulima wa Kenya atazitambua mara moja.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika milima ya Kentucky huko Marekani, palikuwa na watu wengi wasiokuwa na daktari wala barabara ya kumfikia. Mwaka 1925 Bibi Mary Breckinridge, mwuguzi aliyekuwa amefiwa na watoto wake wawili, alianzisha huko huduma ambayo baadaye iliitwa Frontier Nursing Service. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza ukunga Uingereza. Wauguzi wake walipanda farasi, wakavuka mito na kupanda vilima, wakaenda nyumba kwa nyumba kuzalisha akina mama, kuchanja watoto na kufundisha usafi. Wanawake waliofariki katika uzazi mikononi mwao wakawa wachache kuliko ilivyokuwa kwa Marekani nzima, ingawa watu wale walikuwa miongoni mwa maskini kabisa wa nchi ile.

Miaka 40 baadaye, yaani mwaka 1965, Bibi Loretta Ford alipiga hatua nyingine. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi wa afya ya jamii katika jimbo la Colorado, akaona jinsi watoto wa mashambani walivyokosa matibabu kwa ajili ya uhaba wa madaktari. Akishirikiana na Dr. Henry Silver, daktari wa watoto, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kwanza ya wauguzi matabibu. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilipitisha sheria za kuwalipia matibabu wazee na maskini. Hivyo watu waliokuja kutafuta matibabu waliongezeka, na madaktari hawakuongezeka kwa kiasi hicho.

Jambo hili halikupokewa kwa shangwe na kila mtu. Baadhi ya madaktari waliona ya kuwa wananyang'anywa kazi yao. La kustaajabisha zaidi ni kwamba baadhi ya walimu wa wauguzi nao walipinga vikali, wakisema ya kuwa mwuguzi anaacha uuguzi na kujigeuza daktari mdogo. Bibi Ford alishikilia ya kuwa kupima na kutibu ni sehemu ya kumtunza mgonjwa. Alifariki mwezi wa Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 104, na wakati huo wauguzi matabibu katika Marekani walikuwa wamezidi 300,000.

JE, MGONJWA YU SALAMA?

Hapana shaka msomaji atauliza: Je, ni salama kutibiwa na mtu asiye daktari? Swali ni la haki, na wataalamu wamelipima kwa njia ya kuaminika, si kwa maneno matupu.

Katika mji wa Burlington, nchi ya Kanada, mwaka 1971 hadi 1972, jamaa za watu zilizokuwa zikitibiwa mahali pamoja ziligawanywa kwa kura. Nyingine ziliendelea kutibiwa na madaktari, na nyingine zikapewa wauguzi matabibu. Baada ya mwaka mmoja afya ya makundi yale mawili ilionekana kuwa sawasawa. Katika kila mara 100 ambazo wauguzi wale waliwaona wagonjwa, mara 67 walimaliza kazi bila kuhitaji msaada wa daktari. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1974. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mwingine uliofanywa New York kwa wagonjwa 1,316, na huko pia haikuonekana tofauti ya maana katika afya ya wagonjwa baada ya miezi sita.

Hata hivyo, tusiyasome mambo haya vibaya. Hayasemi ya kuwa madaktari hawahitajiwi. Yanasema ya kuwa katika magonjwa ya kila siku, mwuguzi aliyefundishwa sawasawa, mwenye dawa na mwenye daktari wa kumwuliza, huwatibu watu vizuri. Maneno "aliyefundishwa sawasawa" ndiyo msingi wa habari yote.

HALI YA KWETU AFRIKA

Katika bara letu, Botswana ni mfano wa kutazamwa. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1966 haikuwa na chuo cha udaktari, na vijiji vyake vimetawanyika mbali mbali. Tangu miaka ya 1980 imekuwa ikiwafundisha wauguzi matabibu wa jamaa, ambao huwaona wakubwa kwa wadogo.

Katika Kenya kazi ya kupima na kuandika dawa nje ya hospitali kubwa imekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa maofisa wa kliniki, ambao wana mafunzo yao na sheria yao, na ya karibuni ni ile ya mwaka 2017. Lakini zahanati ndogo kabisa aghalabu hushikwa na wauguzi. Wao huzalisha, huchanja, hufundisha uzazi wa majira, na huwatibu wanaokuja. Katika vita dhidi ya UKIMWI pia wauguzi wamebeba sehemu kubwa ya mzigo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kuwa wauguzi waliofundishwa waweze kuwaanzishia wagonjwa dawa za kupunguza makali ya virusi, wala si kuwagawia tu zile zilizoandikwa na daktari.

Tazama mfano mdogo wa maamuzi wanayoyafanya. Mama amleta mtoto wa miezi kumi anayekohoa. Mwuguzi mwenye elimu hataharakisha kutoa dawa ya kikohozi. Atamwacha mtoto atulie, kisha atahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hata asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya homa ya mapafu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hata asiyetimiza miaka mitano, ni pumzi 40 au zaidi. Kisha atauliza: Je, mtoto ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Ikiwa moja ya dalili hizi iko, mtoto huyo ni wa hospitali, wala si wa kungoja kesho. Vyombo vilivyotumika hapo ni saa, macho na akili. Lakini akili hiyo haina budi kufundishwa, nayo huokoa uhai.

SABABU ZA KUICHAGUA KAZI HII

Kijana atauliza: Mimi nitafaidi nini nikiongeza miaka ya masomo juu ya uuguzi? Ziko sababu nne.

Ya kwanza ni kuimaliza kazi aliyoianza. Mwuguzi aonaye ugonjwa na kujua dawa yake, lakini hana idhini ya kuiandika, hukaa na mgonjwa wake wakingoja sahihi ya mtu aliye mbali. Elimu hii humwondolea kizuizi hicho.

Ya pili ni kubaki karibu na wagonjwa. Desturi ya kazi nyingi ni hii: mtu akiisha kuwa hodari hupandishwa cheo na kuketi ofisini. Hivyo mwuguzi aliye bora hugeuka kuwa mtu wa kutia sahihi makaratasi, na wagonjwa huachiwa wanaoanza. Njia ya mwuguzi tabibu humpandisha mtu cheo bila kumwondoa kitandani pa mgonjwa.

Ya tatu ni kuyajua maisha ya watu. Magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu hayaponi kwa chupa moja ya dawa. Yataka mtu wa kumwona mgonjwa mwezi baada ya mwezi, ajuaye anakula nini, analima wapi, na kama ana fedha za kununua dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mtu hafichui maradhi yake kwa mgeni. Humfichulia yule amwaminiye.

Ya nne ni heshima na riziki, wala hakuna haja ya kuona haya kuitaja. Mtu aliyeongeza elimu na kubeba mzigo mkubwa zaidi anastahili mshahara unaolingana na mzigo huo.

Mwuguzi anaweza pia kuwa nguzo ya jamii nzima. Mwaka 2022 Bibi Anna Qabale Duba, mwuguzi wa Marsabit, alipewa huko Dubai tuzo ya wauguzi wa dunia iitwayo Aster Guardians Global Nursing Award, yenye dola 250,000. Alisifiwa kwa kupigana na ukeketaji wa wasichana na kwa kujenga shule kijijini kwao. Watu humsikiliza mwuguzi kwa sababu wamemwona akikesha na wagonjwa wao.

ANAYEFAA NA ASIYEFAA

Lakini kazi hii si ya kila mtu. Atakayo kwa ajili ya koti jeupe na kuitwa kwa jina la heshima, afadhali atafute kazi nyingine. Mwuguzi tabibu husoma maisha yake yote, kwa maana dawa hubadilika na magonjwa hubadilika. Hukesha. Na zaidi ya yote, hujua mpaka wa elimu yake. Kusema "Hili limenizidi, mpelekeni hospitali" si aibu. Ni sehemu ya ujuzi, na huenda ikawa sehemu iliyo ngumu kupita zote kwa mtu mwenye kiburi.

Kijana wa Kenya anayeitamani njia hii hana budi kuanza na msingi. Asome sayansi kwa bidii, hasa elimu ya viumbe, wala asizidharau lugha, maana asiyeweza kuuliza vema hawezi kutambua ugonjwa. Kisha aingie chuo cha uuguzi, ama Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kilichoanza mwaka 1927, ama chuo kikuu. Akifaulu, aandikishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, afanye kazi kwa miaka kadhaa, ndipo aitafute elimu ya juu zaidi.

Wazazi nao wasimzuie mtoto wa kiume kwa kudhani ya kuwa uuguzi ni kazi ya wanawake peke yao. Ugonjwa hauchagui, wala mikono ya kuuguza haichaguliwi kwa jinsi yake.

Na kwa wakuu wa kaunti, waliokabidhiwa huduma za afya tangu mwaka 2013, neno ni moja. Mwuguzi wa zahanati ya mbali amekwisha kuifanya kazi kubwa kwa sababu hapana mwingine wa kuifanya. Kumwacha aendelee bila mafunzo zaidi, bila dawa za kutosha, na bila daktari wa kumpigia simu anapokwama, ni kumwonea yeye na kumwonea mgonjwa wake. Aongezewe elimu kwa kadiri ya mzigo alioubeba, na sheria imlinde anapoutumia ujuzi wake.