"Sikujua" Haitoshi: Dawa za Kuongeza Nguvu Katika Ngumi za Kulipwa

 

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa barazani hapa Uroa, alitujia kijana ambaye jina lake hatutalitaja. Mchana huvua, jioni hupanda gari kwenda mjini kufanya mazoezi ya ngumi. Alisubiri mpaka wazee wakaondoka, kisha akasema: "Sheikh, mwalimu wangu alinichoma sindano, akaniambia ni vitamini. Nikapigana, nikashinda. Niliyempiga alilala hospitali siku mbili. Baadae wenzangu wakanambia ile si vitamini. Pambano la pili nikachomwa tena, na mara hii nilikuwa najua. Pesa nyingine nimempa mama. Sasa nifanye nini?"

Suala hili si la kijana mmoja. Tumeona ni wajibu kulieleza kwa urefu kidogo, ili maimamu na wanafunzi wapate la kuwajibu vijana wao.

Ngumi na hukumu yake

Baada ya Mapinduzi ya 1964, katika utawala wa Mzee Abeid Amani Karume, mchezo wa ngumi ulipigwa marufuku Zanzibar, na marufuku hiyo ikadumu kwa karibu miaka 60. Ulifunguliwa katika awamu ya Rais Dk. Hussein Ali Mwinyi, na mwaka 2023 mapambano ya kulipwa yakapigwa tena Unguja. Kizazi cha vijana wetu ndicho cha kwanza, tangu babu zao, kuona ulingo ukiwa mlango wa riziki karibu na nyumbani.

Ama katika sheria, Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Makka mwezi wa Safar 1408 (Oktoba 1987), lilitoa uamuzi kuwa ngumi kama zinavyopigwa ulingoni leo ni haramu, kwa kuwa msingi wake ni kumdhuru mwenzio, na huweza kuleta upofu, maradhi ya ubongo, hata mauti. Na imethibiti katika hadithi sahihi, kwa mapokezi ya Abu Huraira (r.a.), kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi, hata mieleka haifai kushindaniwa kwa malipo; na mieleka haina ngumi za uso.

Msomaji anaweza kusema: Basi maudhui yamekwisha, mchezo ni haramu, dawa zake za nini tena? Tunajibu: La. Mwenye kuingia katika jambo lililokatazwa hazimwondokei haki za watu alizozivunja humo ndani. Tena mas-ala haya hayakomei kwa mabondia. Yanamhusu mkimbiaji, mcheza mpira na kila anayenunua kopo la unga wa kujenga misuli.

Dawa zenyewe ni zipi

Kwanza tutofautishe. Virutubisho vya kawaida, kama unga wa protini au vitamini, asili yake ni halali kama vyakula vyengine, kwa sharti visiwe na najisi na visidhuru. Gamba la vidonge vingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa nguruwe. Hilo liulizwe kabla ya kununua.

Zilizokatazwa ni nyingine. Steroidi hufanya kazi ya homoni ya kiume: hukuza misuli kwa haraka, lakini huweza kuufanya moyo kuwa mnene, kuharibu ini, kusinyaza korodani na kupunguza mbegu za uzazi. Homoni ya EPO huongeza chembe nyekundu za damu ili mtu asichoke, na damu ikizidi uzito huweza kuganda ndani ya mishipa. Zipo pia dawa za kukojoesha, ambazo bondia huzimeza ili apungue kilo kabla ya kupima uzito, au kuficha dawa nyingine katika mkojo. Hizo huondoa maji na chumvi mwilini, zikavuruga moyo na figo. Na ipo ostarine, ambayo hufanya kazi karibu na steroidi, na mara kadhaa imegunduliwa ndani ya virutubisho ambavyo lebo zake hazikuitaja.

Shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, WADA, liliundwa mwaka 1999, na kila mwaka hutoa orodha mpya ya vilivyokatazwa. Jirani zetu Kenya, baada ya wakimbiaji wao wengi kukamatwa, walitunga sheria mwaka 2016 na kuunda chombo chao cha kupambana na dawa hizi. Hata hivyo, mwaka uliofuata Jemima Sumgong, aliyeshinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya Rio 2016, alikutwa na EPO.

Lakini izingatiwe tofauti kubwa. Mkimbiaji mwenye kutumia dawa humnyang'anya mwenzake medali na pesa. Bondia huyachukua hayo, kisha nguvu ile isiyo yake akaishusha juu ya kichwa cha mwenzake. Hapa dhulma imeingia katika mali na katika mwili kwa pamoja.

Je, asiyejua ana udhuru?

Februari 2022, bondia Muislamu wa Uingereza, Amir Khan, aliyepata medali ya fedha Olimpiki ya Athens 2004 na baadae akawa bingwa wa dunia, alipigana na Kell Brook mjini Manchester, akashindwa. Vipimo vikaonesha ostarine. Waliosikiliza kesi yake walikubali kuwa hakukusudia. Pamoja na hayo alifungiwa miaka miwili. Wengi waliona ni uonevu: vipi aadhibiwe mtu asiyekusudia?

Mwanafunzi wa fiqhi hapaswi kushangaa. Wanazuoni wetu wametenganisha mambo mawili: dhambi na dhamana. Kosa la kutojua huondoa dhambi, lakini haliondoi dhamana ya haki ya mtu. Mfano wake ni huu: mtu akibeba gunia la mwani wa jirani yake akidhani ni lake, kisha akaliuza, hana dhambi, lakini thamani ya mwani ule ni deni juu yake mpaka ailipe. Na kubwa zaidi ya hilo, Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 92, imemlazimu aliyeua kwa kukosea kutoa kafara, na ikalazimisha diya kwa jamaa wa maiti, wala haikusema kuwa kwa kuwa hakukusudia, basi damu ya mtu imepotea bure.

Tena udhuru wa kutojua unakubaliwa kwa asiyekuwa na njia ya kujua. Ama mwenye kuweza kuuliza asiulize, huyo amezembea.

Ghushi

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza chakula, akatia mkono katika rundo, akakuta chini kuna unyevu uliofichwa kwa kikavu cha juu. Akamkemea, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Sisi watu wa pwani tunalielewa hili: mwenye kuchanganya mchanga katika mwani ili mizani ishuke amemwibia mnunuzi, ingawa hakufungua mfuko wake. Bondia aliyejaza dawa mwilini naye ameuza ushindi wenye mchanga ndani yake.

Aprili 2024 mjini New York, Ryan Garcia alimwangusha Devin Haney mara tatu, akapewa ushindi. Vipimo vikaonesha ostarine. Naye alikana kukusudia. Ushindi ukafutwa, akafungiwa mwaka mmoja, na malipo yake ya pambano yakachukuliwa. Hao hawahukumu kwa sheria yetu, lakini wamefahamu kuwa fedha iliyopatikana kwa njia ile haiwi ya aliyeichukua.

Jawabu la kijana

Tulimwambia: Mwanangu, pambano la kwanza huna dhambi ya dawa, ikiwa kweli ulidanganywa na hukuwa na sababu ya kutia shaka. Lakini aliyelala hospitali ana haki juu yako. Mwenzako aliridhia kupambana na nguvu zako, hakuridhia kupambana na sindano. Mwendee, mwambie ukweli, mtake radhi, na umlipe gharama za matibabu yake. Malipo ya ushindi mrudishie aliyekulipa kwa kuamini kuwa ulifuata masharti.

Pambano la pili una mawili: dhambi na dhamana. Dhambi iondoe kwa toba: uache, ujute, uazimie kutorudi. Toba ya haki ya mtu ina sharti la nne, nalo ni kuirejesha. Ukiwa huna cha kulipa sasa, ni deni. Liandike, ulipe kidogo kidogo. Ukishindwa kabisa kumpata mwenye haki, itoe kwa mafukara au maslaha ya Waislamu kwa niaba yake.

Mama hana kosa, kwa kuwa hakujua, usimnyang'anye alichokula. Dhamana ni yako. Mwalimu naye amebeba mzigo mzito wa kukudanganya, na kama unaweza kumrudia kwa utakacholipa, wanazuoni wana tafsili ndefu. Na muuzaji wa sindano aisome aya ya pili ya Suratul Maida, inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Akauliza: "Sheikh, si tumeambiwa tujisitiri?" Tukamjibu: Jisitiri kwa watu wa baraza, wao hawakudai kitu. Usijisitiri kwa mwenye haki yake.

Nasaha kwa maimamu na wazee

Kijana akikuuliza, usimkaripie ukaishia hapo. Mwambie asikubali sindano ya mtu asiye daktari. Asinunue kopo lisilo na lebo, na alilonalo alihifadhi. Aangalie orodha ya WADA kabla ya kutumia chochote. Akiumwa, matibabu ni halali kwake, lakini amweleze daktari kuwa yeye ni mwanamichezo, maana upo utaratibu wa kuomba ruhusa ya dawa ya ugonjwa. Na aambiwe wazi kwamba kuiacha ngumi yenyewe ni salama zaidi kwa dini yake na kichwa chake.

Kijana wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza njia ya kufika nyumbani kwa yule aliyempiga. Tulimwahidi kufuatana naye.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu kwenye riziki ya halali. Wallahu aalam.